Benchi ya Malimbuko

Gari ya kupeleka watu gereza ilikuwa iondoke saa tisa kamili.

“Saa tisa ya muchana, Madame,” Commandant Vagheni alisema, akigonga saa yake kwa kucha. “Hapana saa tisa na robo. Ésaïe anapanda gari, dossier inafungwa, na mie naenda kula yangu. Mashini ilipotea hapa Butembo, tumeikuta kwake Beni. Unataka nini tena, mashini iseme yenyewe?”

“Njo vile, Commandant. Naenda kuisemesha.”

Solange Kavira alikuwa OPJ, ni kusema ule polisi mwenye kuuliza maswali na kuandika majibu, na wiki ile alikuwa ameandika majibu mengi yenye hayakumusaidia hata kuwasha moto. Dossier yenyewe ilikuwa fupi. Phinées, fundi mbao wa Rughenda, alikufa mwanzo wa mwezi wa tatu. Alimuachia mujane wake, Mama Orpa, mashini ya ruban: ile ndefu yenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na katikati chuma chembamba chenye meno, njo ruban yenyewe, kinazunguka kama mukanda. Family ilifunga atelier ya marehemu na kusema hakuna mutu kuingia mpaka siku makumi ine za matanga ziishe. Funguo ilibaki kwa Onésime, ndugu mudogo wa Phinées. Asubuhi ya Lundi ya Pasaka, kesho ya sikukuu, siku chache mbele matanga iondolewe, Onésime alipiga kelele: kufuli imevunjwa, mashini haiko.

Kisha wiki mbili, binamu wa Mama Orpa alipita Mulekera, kule Beni, akasikia mashini inalia nyuma ya jikoni ya mutu. Akachungulia. Rangi ya kijani ileile, herufi P imechorwa na musumari kwa muguu ya mashini. Mwenye nyumba alikuwa fundi Ésaïe, na kesho yake Ésaïe alikuwa ndani ya cachot ya Butembo, bila mukanda wala kamba za viatu.

Yeye alisema alinunua mashini mbele ya Pasaka, kwa mutu wa Kirumba mwenye kuitwa Lusenge. Karatasi ya kuuza? Haiko. Solange alipoteza siku nzima Kirumba na akakuta ba Lusenge saba. Mumoja anauza vitunguu, mumoja anaendesha Fuso, mumoja alikuwa na miezi ine na meno mawili. Hakuna hata mumoja mwenye aliisha kuuza mashini.

Mbele ya kupanda moto, ile pikipiki ya kukodi, alisimama kwa nondo za cachot.

“Ésaïe, nani mwingine aliona mashini kwako mbele ya Pasaka?”

“Bibi yangu.”

“Bibi hatutamuamini. Mwingine?”

“Mungu, Madame.”

“Huyo hatakuja kusaini ushahidi kwa PV. Mwingine?”

Fundi akaangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwa mutu mukubwa, mikono kama vibao vya kukatia nyama, lakini sauti yake ilikuwa ya mutu mwenye kuongea kanisani.

“Iko kitu unanificha.”

“Iko. Ila si yangu ya kusema.”

Solange alifunga carnet yake ya kuandikia. Ilikuwa saa moja ya asubuhi.

Delphin, mwenye moto, alimupeleka kwa mwendo wa mutu mwenye hajaoa. Saa tatu na nusu walikuwa wamepita barrière zote za askari, wamemezwa na vumbi, wamesimama Mulekera mbele ya kiwanja chenye ukuta wa matofali na mugomba mumoja. Bibi ya Ésaïe, Shekinah, aliwafungulia. Alikuwa na macho ya mutu mwenye hajalala, lakini atelier ilikuwa imefagiwa.

“Hakuna kitu nilishika,” alisema. “Niliona kwa simu, wapelelezi hawapendake watu washike vitu.”

“Na ulifagia.”

“Uchafu si kitu, Madame. Uchafu ni haya.”

Delphin akacheka mulangoni. Solange hakucheka, ile vumbi ya mbao, ushahidi wa wiki tatu, ilikuwa ndani ya mufuko, inangoja kuwasha jiko. Akaenda kwa mashini na akaizunguka mara mbili.

“Nielezee namna mulisimamisha hii. Tangu mwanzo, bila kuruka.”

“Ilifika juu ya Fuso, imelala kama mugonjwa. Gurudumu ya chini haikuwa na mpira. Ésaïe akakata chambre à air, mpira ya ndani ya pneu ya moto, akaibandika na gundi. Meza ilikuwa inainama, akaweka bati ya sardini chini yake, angalia, ile pale. Lakini magurudumu hayakuwa mustari mumoja. Ukiwasha, ruban inatoka. Mara ya kwanza iliruka mpaka kwa ukuta, angalia alama. Mara ya pili mie nilikuwa tayari chini ya meza.”

“Siku ngapi hivyo?”

“Tatu. Ya ine ikakubali kukata.”

Solange aliangalia kama groupe ya umeme imezimwa, kisha akazungusha gurudumu la juu kwa mukono, polepole, akifuata meno ya ruban kwa mwanga wa simu. Alipofika karibu na soudure, pale ncha mbili za chuma zimeunganishwa, akasimama. Jino moja lilikuwa limepinda kwenda inje.

“Hii?”

“Ilikuja vile. Ni ruban moja tu tuko nayo, yenye ilikuja na mashini. Ésaïe alisema atanunua ingine.”

“Wewe unajua kukata?”

“Nani alikuwa anashika ubao upande ule? Mugomba?”

Shekinah alichukua kipande cha eucalyptus, akawasha groupe, akakaza gurudumu la juu, akapiga ruban kidole kama uzi wa gitaa. Akasikiliza. Akakaza tena kidogo. Delphin alirudi hatua mbili mpaka inje. Mashini ikaanza kulia. Ruban ikatetemeka, ikaenda upande, ikataka kutoka. Shekinah hakurudi nyuma. Akashikilia ile mukono ya chuma ya kukaza, akaizungusha robo, na chuma ikarudi katikati ya gurudumu. Ubao ukaingia, ukatoka vipande viwili.

Aliupeleka ule ubao kwa mwanga. Upande wenye kukatwa ulikuwa na mikwaruzo yenye kuinama, moja kisha ingine, kama kuku imetembea pale na muguu mumoja. Kisha akatoa ndani ya saki kipande kingine: ubao wa kitanda wenye Mama Orpa alileta polisi, kazi ya mwisho ya bwana yake. Akaziweka mbili pamoja. Kuku ileile. Muguu uleule.

“Iko muzuri?” Shekinah aliuliza.

“Hapana. Hii inafunga bwana yako vizuri zaidi. Sasa ni hakika: mashini ni ya Phinées.”

Groupe ilizimwa. Shekinah akaanza kufagia tena, mahali pale pale penye aliisha kufagia.

Solange akainua macho, na njo pale akaona, juu ya mulango, kipande kidogo cha mbao nyekundu, kimekatwa na kona ya muviringo, kimepigiliwa na misumari miwili. Atelier yote ilikuwa eucalyptus, mbao ya watu maskini. Kile kilikuwa libuyu, mbao ya bei kali. Mutu hapigilie kibakio kwa ukuta, anapikia maharagi.

Akapanda juu ya kiti na akakishika. Kwa upande kulikuwa na mikwaruzo ya kuku.

“Hii ilibaki kwa kazi gani?”

Ufagio ukasimama.

“Shekinah, ni saa tano kasoro. Barabara ni saa mbili kama barrière inanipenda. Ongea.”

“Ni kibakio ya malimbuko.”

“Malimbuko gani?”

“Kitu ya kwanza yenye mashini inatoa ni ya Mungu. Shamba ni vile, kuku ni vile, mashini pia. Ésaïe alikata benchi, akaipeleka kanisani. Ila malimbuko haitajwake, Madame. Ukiitangaza, umeisha kujilipa, na mbinguni hamudaiane tena.”

“Aliipeleka lini?”

“Siku ya Matawi.”

Solange alishuka kwa kiti. Siku ya Matawi ni wiki moja mbele ya Pasaka. Hata mwizi mwenye hajabatizwa anajua. Mashini iliibiwa Butembo usiku wa Pasaka, na siku saba mbele ya kuibiwa ilikuwa imeisha kukata benchi ya kanisa huku Beni.

“Delphin,” alisema, “washa.”

Kanisa lilikuwa mwisho wa barabara, bati jipya na milango ya zamani. Mwenye funguo alikuwa Mama Agar, mushemasi, mumama mwembamba mwenye kuvaa miwani ya kusoma juu ya kichwa na kuitafuta mahali pengine. Aliwaonyesha benchi bila kuuliza: safu ya mbele, upande wa wamama, nyekundu kati ya ndugu zake weusi.

“Nani alileta?”

“Hatuandikake jina. Tunaandikaka siku tu.”

“Wapi?”

Mama Agar akapindua benchi miguu juu. Chini ya ubao wa kukalia hakukupigwa randa. Mutu gani anaangaliaka chini ya benchi? Mikwaruzo ilitembea tangu mwanzo mpaka mwisho. Na juu ya mikwaruzo, kwa kalamu ya wino mweusi: *Malimbuko. Siku ya Matawi.* Na tarehe, na mwaka.

“Maandiko ni yako?”

“Ni yangu. Niliandika asubuhi ile, mbele ya ibada, kwaya iko inavaa.”

“Utasaini hapa, Mama. Na benchi nitaichukua kwa masaa machache.”

“Kusaini, ndiyo. Benchi, hapana.”

“Mutu anaenda gereza saa tisa.”

“Basi tuombe haraka. Kitu yenye iliingia na maombi haitoke bila maombi.”

Haraka ya Mama Agar haikuwa haraka ya polisi. Aliombea benchi. Aliombea barabara, na wenye kulala inje, na wenye kuhama, na askari wenye njaa. Akaombea moto ya Delphin, na kwa jina, pneu yake ya nyuma. Solange alifungua jicho moja kuangalia saa. Saa sita na dakika kumi. Delphin, kwa upande wake, alikuwa anasema amina kwa moyo wote. Ile pneu aliijua.

Walifunga benchi nyuma ya moto na mipira myeusi, imekaa kwa upana kama mabawa ya ndege yenye imekula sana. Kwa barrière ya pili, askari kijana alinyoosha mukono.

“Mama, oyo nini?”

“Témoin. Shahidi wangu.”

“Benchi?”

“Haisemake uongo, haiombe chakula.”

Askari akazunguka. Akagonga ubao, akasikiliza kama daktari. “Ndani munaweza kuficha kitu. Fungua.”

“Chef, ni ubao mumoja. Ndani ya ubao ni ubao.”

“Fungua.”

Walifungua. Aliangalia chini, akasoma maandiko kwa sauti, neno kwa neno, na kwa “malimbuko” akavua kofia. Ila mukubwa wake alitaka ordre de mission, ile karatasi ya safari ya kazi, na muhuri wa ordre de mission ulikuwa mwepesi, na mutu wa kusoma muhuri mwepesi alikuwa anakula. Dakika makumi tatu. Walipofunga benchi tena, Delphin hakutania tena. Alilala juu ya guidon ya moto na hakusimama mpaka Butembo.

Gari ya gereza ilikuwa imeisha kuwaka. Ésaïe alikuwa na muguu mumoja juu ya ngazi, mikono imefungwa, na polisi mumoja anamusukuma kwa adabu. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na mbili.

“Commandant, unipe kumi.”

Vagheni akaangalia benchi, akaangalia vumbi juu ya nywele za OPJ wake.

“Kumi,” alisema. “Na moja inaisha tukiongea.”

Ndani ya bureau, Onésime na Mama Orpa walikuwa wanangoja kusaini mwisho wa dossier. Mama Orpa alikuwa na kitambaa cheusi cha matanga, amekaa kwa kiti kimoja chenye kilikuwa mule. Onésime alikuwa amesimama, koti imepigwa pasi, mutu mwenye kunukia sabuni. Solange akasukuma benchi ndani.

“Ikala, papa. Viti ya serikali unazijua.”

Onésime akaikala, akavuta suruali yake isikunjamane.

“Kitu moja tu inabakia,” Solange alisema, akifungua kalamu. “Avocat ya Ésaïe anaweza kusema ile ruban si ya Phinées. Ya kusema mutu alibadirisha.”

“Haiwezekane.”

“Unajua namna gani?”

“Iko na jino moja yenye imepinda. Yaya yangu, Phinées, alikataaka kuibadirisha, miaka mingi. Kila mbao yake iko na alama.”

“Wewe uliona hiyo jino kwa macho, ao walikuhadisia?”

“Kwa macho? Kwa kidole.” Akainua kidole gumba, kulikuwa na kovu changa. “Samedi ya Pasaka niliingia kupakaa mashini mafuta, isioze. Ikaniuma hapa.”

“Samedi, siku moja mbele ya Pasaka.”

“Njo ile.”

“Si wiki ya mbele?”

“Madame, ni kidole yangu. Naijua.”

“Na funguo? Mutu mwingine alikuwa nayo?”

“Hapana. Mie njo mukubwa wa family. Mie peke.”

Solange aliandika, akasoma kwa sauti, akageuza karatasi. Onésime akasaini na mukia murefu chini ya jina, kama mutu mwenye kusaini nyumba. Inje, chauffeur akapiga klaxon mara moja.

“Sasa simama kidogo, papa.”

Akasimama. Solange akapindua benchi, miguu juu, na akaweka kando yake ubao wa kitanda cha Phinées.

“Mama Orpa, wewe njo unajua hizi alama kupita sisi wote. Pitisha mukono.”

Mujane akashuka kwa kiti, akapiga magoti. Mukono wake ukapita juu ya ubao wa kitanda, kisha juu ya benchi, na ukarudi. Hakuharakisha.

“Ni yake,” alisema. “Jino ya Phinées.”

“Soma pale kwa wino.”

Mama Orpa akasoma. Alisoma tarehe mara mbili. Kisha akageuka, bado amepiga magoti.

“Shemeji. Siku ya Matawi mashini ilikuwa Beni inakata benchi. Samedi yenye ilifuata, kidole yako iliumwa na nini?”

Onésime aliangalia kidole kama mutu amemuazima na sasa anakitaka.

“Mbele ya Matawi, nani alikuwa na funguo?” Solange aliuliza. “Umeisha kunijibu, iko na signature. Ulituma mutu wa Kirumba aiuze. Matanga ikakaribia kuisha, ukaona Mama Orpa atafungua mulango na akute hewa, ukavunja kufuli yako mwenyewe. Kazi safi, papa. Ulisahau tu kama unaweza kuuzia fundi mashini, ila haumukataze malimbuko.”

“Nilikuwa nairudisha,” Onésime alisema, polepole.

“Lini?”

Commandant Vagheni, kwa mulango, akaangalia saa yake.

“Tisa kamili,” alisema. “Gari inaondoka. Nafasi ni ileile, Madame, andika tu jina ingine.”

Onésime alipopita, Mama Orpa hakumuangalia. Alikuwa amepindua benchi sawa na ameikala, mikono juu ya magoti.

Ésaïe aliingia bila kamba za viatu, akikokota miguu, mikono imefunguliwa. Aliona OPJ, akaona mujane, kisha akaona benchi. Uso wake haukuwa wa mutu mwenye kutoka cachot. Ulikuwa wa mutu mwenye amekuta mulango wa chumba chake wazi.

“Nani alisema?” aliuliza. “Shekinah?”

“Hakuna mutu alisema,” Solange alisema, akifunga kalamu. “Tuliipindua tu.”

Mama Orpa akasogea pembeni, akamuachia nafasi.

“Ikala, fundi. Mashini ni yangu na benchi ni ya Mungu, ya kati, feza yenye ulilipa, tutaiongea. Ila ile jino, nakuomba, usiibadirishe.”